Birika Ubavuni mwa Kuku

Kwa miaka kumi na saba Bi Mita alikuwa akisoma mita za umeme nyumba kwa nyumba, na mita, kama alivyopenda kusema mwenyewe, haijui kuficha siri. Alijua nani kanunua friji, nani anapiga pasi hadi soksi, na nani analala na taa kwa kuogopa giza ilhali mtaani anajifanya jabali. Basi siku mita ya mwalimu mstaafu wa kemia ilipomwonyesha umeme mara nne ya mwezi uliotangulia, alisimama pale getini akikuna kidevu. Ama mzee anagandisha barafu ya mtaa mzima, ama kuna jambo. Akabisha hodi. Mwalimu akatoka na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, na badala ya kujitetea akampeleka chumba cha uani, akafungua mlango wa kitu kama kabati la chuma. Ndani, juu ya rafu, vilikuwepo vikombe sita vya udongo, vimechomwa vikachomeka.

Bi Mita nusura amkumbatie. Miaka miwili mizima alikuwa akifinyanga juu ya meza ya kupigia pasi na kuanika juu ya friji, na hakuwa na pa kuchomea. Udongo usioona moto ni udongo tu. Mumewe aliwahi kutiliwa chai katika kikombe chake cha kwanza, na kabla hajafika nusu alikuwa anakunywa matope. Aliyameza, maskini wa Mungu, akasema sukari imekolea. Kununua tanuri lake mwenyewe halikuwa jambo la kuwaza, na hata angepewa bure, ingebidi yeye ahamie nje ili tanuri lipate pa kukaa.

Mwalimu naye alikuwa na shida ya kinyume. Tanuri lake lilikuwa kubwa kuliko mikono yake. Kuliwasha nusu tupu ni kuchoma umeme bure, na peke yake alihitaji miezi minne kulijaza. Tangu siku ile rafu zikagawanywa: moja ya Mwalimu, moja ya Bi Mita, moja ya kinyozi wa njia panda aliyefinyanga visahani vya sabuni, na zilizobaki za yeyote atakayeletwa. Sharti lilikuwa moja, na Mwalimu alilitamka kwa ile sauti yake ya darasani: aliyemleta mgeni, chombo chake kitakaa ubavuni mwa chombo cha mgeni. Kitu kinene, au chenye unyevu ndani, kikipata moto hupasuka, na vigae vyake haviulizi jirani ni nani. Kwa sharti hilo watu walichagua wageni wao kwa akili.

Sasa ilikuwa zamu ya birika. Wala si birika la kwanza, lilikuwa la tano. La kwanza liliporomoka tumbo, la pili mdomo wake ulitazama chini kama wa mfiwa, la tatu na la nne tuyaache, marehemu hasemwi vibaya. Lakini hili la tano, jamani, lilikuwa limekaa. Tumbo la duara, mkono wa kushika bila kuubembeleza, kifuniko kinachotulia mahali pake. Bi Mita alilipenda bila haya. Akitoka kazini alipita kulisalimia juu ya friji kabla hajamsalimia mumewe.

Asiyelipenda ni mama mkwe wake. Bibi huyo aliishi nao, na sebule yao aliiita machimbo. Akiona ndoo ya udongo alipita upande upande, nguo kaikusanya mkononi, akiuliza kwa sauti ya kufika kwa jirani kama mwanawe alioa mke au alioa mwashi. Bi Mita alikuwa keshazoea. Alicheka, akapiga deki.

Alhamisi moja akarudi mapema, akamkuta mama mkwe kwenye meza ya pasi, miwani puani, viganja vyeupe. Mbele yake ameketi kuku. Kuku mnene, ametulia, kila unyoya umechorwa kwa jino la kitana. Bibi alishtuka kama aliyefumaniwa. Kisha akajikaza, akauliza kama mtu anayeuliza saa ngapi: "Huyu naye anaweza kuingia humo tanurini mwenu?"

Bi Mita akasema anaweza, mama, kwa nini asiweze. Furaha ilimpanda hadi akatamani kuruka ruka mle sebuleni. Akamwinua kuku amtazame vizuri, na hapo ndipo alipokutana na uzito. Kuku alikuwa udongo mtupu kutoka kifuani hadi mkiani, kilo mbili za kishindo. Ilitakiwa apasuliwe tumbo, achimbwe ndani abaki ganda, kisha aunganishwe tena kwa uji wa udongo. Bi Mita akaligusia hilo taratibu. Mama mkwe akamvutia kuku kifuani. Kuku wake hachinjwi, alisema, na kama hawamtaki alivyo waseme tu, atamweka dirishani.

Kesho yake, mama mkwe akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana, Bi Mita alisimama mbele ya kuku na waya wa kukatia udongo mkononi. Dakika kumi tu, na birika limepona. Akamgeuza. Manyoya yalikuwa yamechorwa mstari kwa mstari hadi chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angeangalia. Akaurudisha waya kwenye droo. Wala kuhusu lile sharti la ujirani hakutamka neno, kwa sababu mama mkwe angejitoa, naye alitaka aingie. Kujipalia makaa ndiko huko, na alijua.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi, vyombo vikiwa bado vibichi. Walikwenda wote watatu kwa miguu, Bi Mita kabeba birika, mumewe kabeba kuku katika beseni, na njiani watu wawili wakauliza kama anauzwa. Kinyozi alikuwa amekwisha kufika na visahani vyake. Mwalimu alimpima kuku mkononi, akamgonga kwa ukucha, nyusi zikapanda. Akauliza kaletwa na nani. Bi Mita akanyoosha kidole kama mwanafunzi. Mwalimu akalichukua birika, akaliweka mezani ubavuni mwa kuku, vile ambavyo vingekaa kwenye rafu, na kinyozi akashika kichwa. Mama mkwe akataka kujua kichwa kinamuuma nini. Kinyozi, ambaye ulimi wake hauna breki, akamweleza yote.

Mama mkwe akalitazama birika, kisha akamtazama mkamwana wake.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ungeliacha likae hapo."

"Ningeliacha."

Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamgeukia Mwalimu. "Nipe kisu."

Alimlaza kuku chali, akampasua kwa mkono wake mwenyewe, akamkwangua kwa kijiko huku akigomba: mtu mzima, hana akili hata ya kuazima, birika la tano hilo, la tano! Mwanawe alimshika kuku miguu. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Kuku alipofungwa tena, kinyozi alimpa bibi mkono wa pole.

Wiki mbili vikakauka. Siku ya moto Bi Mita alisoma mita roho ikiwa juu, akaandika tarakimu za nyumba moja kinyumenyume. Jumapili asubuhi tanuri likawa limepoa. Mwalimu hata hajamaliza kuvuta mlango, mama mkwe akapenyeza mkono chini ya kwapa lake, akatoka na birika, bado lina joto. Akalizungusha. Akapitisha kidole kwenye mdomo, akautikisa mkono wa kushikia, akafunua kifuniko, akafunika, akafunua. Akaligonga, likalia ting.

"Halina hata ufa," akasema. Akamkabidhi mkamwana wake kwa mikono miwili. Bi Mita alicheka na kulia kwa pamoja, wote wawili wameshikilia birika lile lile, hakuna anayeachia.

Ilibidi Mwalimu amguse bibi begani. "Na kuku wako, mama, hutamtoa?"

"Kuku gani?" akauliza mama mkwe.