Sahani ya Chakula cha Bwana
Jumapili iliyopita, kanisani hapa Bunda, mtoto mmoja alinyoosha shingo kuuchungulia mkate wa ushirika, nikacheka. Mimi utotoni nilikuwaga mbaya zaidi.

Mama aliposema leo kuna Chakula cha Bwana, nilikataa uji, nikabeba sahani yangu ya bati. Mkate ukapita: vipande kama kucha, tena vya wakubwa tu. Nikaangua kilio.

"Sahani umeleta, kijiko je?" akanitania Bibi Nyangeta, mzee wa kanisa.

Baada ya ibada alinipeleka kwake, akaijaza sahani yangu ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, na mchuzi wa samaki furu ulionukia moshi. "Kula, mjukuu wangu. Bwana hapendi mgeni arudi na sahani tupu."

Siku hizi nami napewa kipande changu. Kila nikikitia mdomoni, bado nasikia harufu ya furu.