Chokaa kwenye Mibula

Mpaka leo nikiona jiwe lililopakwa chokaa kandokando ya njia, damu hunichemka. Wajukuu hudhani ni uzee. Si uzee, ni hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe.

Pale Mshangano, nyuma ya mashamba yetu ya mahindi, kuna kichaka cha mibula mikongwe. Songea nzima inakijua. Maarusi wa Majengo huletwa kupigwa picha, wanafunzi huja kwa lori kutoka Namtumbo na madaftari yao, na hakukosi mtu wa kamera wa kutuuliza miti hii ina miaka mingapi, kana kwamba tulikuwepo ilipozaliwa. Zamani wazee wetu walifanya tambiko hapo mvua ilipochelewa. Siku hizi wengine tunasali kanisani na wengine msikitini, lakini masharti ya kichaka tuliyaacha vilevile: moto hauingii, panga haliingii, fagio haliingii. Jani likianguka linaoza lilipoangukia. Tawi kavu likianguka, hata kama nyumbani huna kuni, unalipita.

Mlinzi wa masharti hayo ni shangazi yangu, dada wa baba. Kazi aliirithi kwa baba yake, bila mshahara wala sare. Usimfikirie bibi mpole wa kutoa mafumbo. Aliwahi kumfukuza bwana harusi na suti yake kwa kosa la kuvunja kitawi cha kupungia nzi, na harusi ikaendelea na picha za bwana aliyenuna.

Kilichomnyima raha shangazi ni kwamba miti ilikuwa inazeeka bila watoto. Kokwa la mbula ni gumu, haliamki kirahisi, na likiamka mbuzi wa jirani wanalimaliza. Mbula mkubwa kuliko yote, ambao nyumbani tunauita mama, una tundu shinani la kumtosha mtu mzima kusimama, na kila masika hudondosha tawi. Basi mwaka mmoja, baada ya mvua, mche ukaota hatua chache kutoka kwenye shina la mama. Mmoja tu, urefu wa kiganja. Shangazi aliuzungushia mawe saba ili watu wasiukanyage, akaufunika kwa miiba kwa ajili ya mbuzi, na kiangazi chote akawa anaubebea maji aliyosuuzia vyombo. Aliniambia huo ndio utakaobaki sisi sote tukishakwenda.

Ndipo ikaja hifadhi. Tulitangaziwa kwamba kichaka kitakuwa eneo la kulindwa rasmi, kamati ikaundwa, na mimi, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, nikawa katibu. Nilifurahi, sitadanganya. Niliandika sheria ndogo kwa mkono wangu: ni marufuku kukata, kung'oa au kuharibu mti wowote ndani ya eneo hili. Kisha tukaambiwa mgeni rasmi anakuja kuzindua.

Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wa usafi. Uwanja wenye majani ni uwanja wa mvivu, na mgeni akija tunafagia mpaka udongo ubaki na mistari ya fagio. Shangazi alikuwa amekwenda msibani Namtumbo, akae huko wiki nzima. Angekuwepo, angetukimbiza na mwiko. Mwenyekiti wa kamati alikagua kichaka, akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, mgeni atasema sisi tunaishi porini. Hapa pafanyiwe usafi." Na mimi, niliyelelewa na masharti yale tangu nikiwa sina meno, nikajibu, "Sawa, mwenyekiti."

Tuliingia na mafyekeo na mafagio. Tulifyeka kila kilichokuwa chini ya goti. Majani ya miaka yote tuliyakusanya, tukayatoa nje na kuyachoma. Mashina ya mibula tukayapaka chokaa mpaka usawa wa kifua, miti mizima ikasimama na soksi nyeupe kama watoto wa gwaride. Bado njia ya mgeni haikuwa na urembo, kwa hiyo nikaagiza mawe yaokotwe popote yalipo, yapangwe pande zote mbili na yapakwe chokaa. Mengine niliyaokota mwenyewe. Kulikuwa na mawe saba karibu na shina la mama, yamefunikwa na miiba. Niliitupa miiba, kilichobaki katikati kikafyekwa kama vingine, nikayabeba mawe mikononi, mawili mawili, na sikujiuliza nani aliyapanga duara.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Alikuja jua likiwa utosini, akashuka garini, akahutubia kuhusu kutunza mazingira, akaombwa apande mti wa kumbukumbu. Mti wenyewe ulikuwa mlingoti, yaani mkaratusi. Kila mkulima wa Ruvuma anajua mlingoti unavyokunywa maji kama mlevi, lakini ndio uliokuwa tayari kwenye kitalu. Asubuhi niliulizwa shimo lichimbwe wapi. Nilitembea nikichoma udongo kwa kijiti. Kiangazi kile ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, ila karibu na mama nikapata mahali palipo laini na peusi, penye unyevu. Nikasema chimbeni hapa. Mgeni alipanda, tukapiga makofi, kibao cha bati kikachomekwa na cheo chake. Kwenye soda nilipongezwa kwa maandalizi.

Shangazi aliporudi hakuanzia nyumbani. Nilimkuta ndani ya kichaka, mzigo wake bado kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo, ujue umekwisha.

"Mawe yangu yako wapi?"

Nilitazama njia. Mawe yalikuwa mengi, meupe yote, na mimi niliyeyabeba nisingeweza kumwonyesha hata moja. Alinipita, akasimama mbele ya mlingoti.

"Mmechimba hapa."

"Udongo ulikuwa laini, shangazi."

"Ulilainishwa na nani?"

Nilikaa chini palepale, kwenye mistari ya fagio. Aliniacha nimekaa, akaenda zake.

Kwenye kikao kilichofuata nilitaka mlingoti ung'olewe. Walicheka. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, mti ni mti. Na mgeni ameahidi kuja kuona mti wake unaendeleaje." Mti ni mti! Mtu ana mama mzazi kitandani, unamletea mama wa jirani unamwambia mama ni mama. Niliwaambia hivyo, na mengine ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyasema, kisha nikarudisha muhuri na daftari la mihtasari.

Jumapili, watu wakitoka kanisani na wote wakinitazama, niliung'oa mlingoti kwa mikono yangu, na kibao pia. Jumanne nikapata barua ya kuitwa nijieleze kwa nini nimeharibu mti ndani ya eneo la hifadhi. Kifungu walichokinukuu ni changu, neno kwa neno. Nilikwenda, nikawauliza mche uliofyekwa ulikuwa kwenye kifungu gani.

Shangazi alikuja na ndoo baada ya kusikia habari za barua. Alijaza lile shimo, akafukia makokwa matatu ya mbula. Nilikwenda njiani nikaokota mawe saba, meupe hivyohivyo, nikayapanga duara. Aliyasogeza mawili yaliyokaa vibaya. Kisha akanipa ndoo.

"Mimi magoti yamekwisha," alisema. "Sasa maji utaleta wewe."

Ndivyo ninavyofanya. Kila jioni napita na maji ya vyombo, na walionipongeza kwenye soda huniuliza kwa kejeli namwagilia nini. Wanaona vizuri. Mvua mbili zimepita na ndani ya mawe yale hakijaota kitu. Namwagilia udongo.