Mzee Asiyesema Bila Kuitikiwa

Nikiwa kijana, sijaoa bado, baba alinituma mnadani Balangdalalu nikauze ndama dume, nirudi na chumvi ya ng'ombe na jembe jipya. Nilirudi na baiskeli. Sitaki kujitetea, baba mwenyewe ameshakufa na jembe la zamani lililima vizuri tu. Mfugaji mmoja wa kule bondeni alikuwa nayo, amechoka nayo kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wanaiogopa, na mimi nilivyoiona ina kengele akili ikaniruka. Tukabadilishana palepale, ndama kwa baiskeli. Yeye akaondoka haraka sana, na hilo lingenistua kama ningekuwa mtu wa kustuka.

Nilikuwa sijui kuiendesha. Niliisukuma siku mbili, kupanda mpaka kwetu Tlawi, na kwenye mwinuko ule mkubwa kuna mahali niliibeba begani. Kufika nyumbani baba akaizunguka mara mbili kama anamkagua ng'ombe wa mahari. Mama akauliza, "Sasa hii inakamuliwa wapi?"

Mpaka leo sijajifunza kuiendesha. Lakini kila Jumapili niliisukuma kwenda kanisani, nikikuta watu njiani napiga kengele, wananipisha. Mke wangu anasema alinikubali kwa sababu kila tukikutana alidhani nimeshuka kwa kumheshimu. Alikuja kujua ukweli tumeshafunga ndoa.

Nasema haya ili mjue mimi ni mtu wa namna gani na vyombo. Napenda kuwa nacho kwanza, kukitumia ni baadaye. Kwa hiyo binti yangu wa Arusha aliponiletea simu ya kupangusa, ile isiyo na vitufe, mimi niliifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini na vikombe vya wageni. Aliyejifunza kuitumia ni mke wangu. Yeye alikuwa na ya kwake, ya zamani kidogo lakini inarekodi na kucheza sauti, na ndiye aliyenionyesha pa kugusa. Nikigusa pasipofaa anasema, "Mzee, hiyo siyo kengele."

Basi simu ile ingebaki kabatini kama shule zisingefungwa.

Tulikuwa na darasa letu hapa, la Jumamosi, kwenye chumba cha kanisa. Siyo shule ya serikali. Ni darasa la Kiiraqw, lugha yetu. Watoto wetu wanajua Kiswahili, wanajua na Kiingereza cha kuandika ubaoni, lakini ukiwatuma kwa Kiiraqw wakakuletee kitu wanakuletea kingine. Mwalimu mmoja mstaafu, tunamwita Madamu hata sisi tuliomzidi umri, akasema hapana. Akakusanya watoto. Akanikusanya na mimi, niliyeishia darasa la tatu, niwe natoa hadithi za fisi. Nilijisikia profesa.

Lakini nguzo ya darasa haikuwa mimi. Ilikuwa mzee mmoja jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mkubwa kwangu, nampa shikamoo mpaka leo. Yeye alikuwa na slufay. Nieleze kwa wasiojua: ni maneno ya baraka, marefu, ya kupangwa, mzee anayatoa mstari mmoja mmoja, na kila mstari watu wote wanaitikia pamoja kwa sauti ndefu ya kukubali inayotoka kifuani. Mvua ije, wanaitikia. Magonjwa yapande upepo yaondoke, wanaitikia. Asipoitikiwa hasogei. Siyo kiburi. Ni kama ngazi, itikio ndicho kipande anachokanyaga ili apate mstari wa juu. Na slufay yake ile, aliyoachiwa na baba yake, sasa alikuwa nayo yeye peke yake. Wengine wenye kuijua yote walikuwa wameshatutoka. Alikuwa anawapa watoto kidogokidogo, Jumamosi kwa Jumamosi, na Madamu anaandika kwenye daftari. Tulifika katikati. Ndipo ikaja korona, shule zikafungwa, na chumba cha kanisa nacho kikafungwa.

Watoto wakatawanyika. Wengine walipelekwa kwa shangazi Babati, wengine kwa mabibi. Binti mmoja hodari sana wa kuitikia akaenda kwa babu yake upande wa mama, mfugaji wa kabila jingine kule Dirma, chini bondeni. Mimi nikajua slufay itabaki nusu, na Madamu naye alikuwa hapati usingizi.

Madamu akafungua kundi kwenye simu. Wazazi wakaingia, na mimi nikatolewa kabatini pamoja na simu. Hadithi zangu zilienda vizuri. Mimi siyo mtu wa kuitikiwa, mimi nikianza kusema hata mlango naongea nao. Shida ikawa kwa mzee.

Jumamosi ya kwanza alikuja uwanjani kwangu amevaa koti lake zuri. Nikamwekea kigoda, mke wangu akashika simu, akasema, "Shikamoo mzee. Sema tu, inachukua sauti, watasikia baadaye."

"Marahaba. Baadaye lini?"

"Wakifungua."

Akatoa mstari wa kwanza. Akangoja. Kuku akapita. Akaingoja simu, simu nayo ikamngoja. Akasema mstari uleule tena, kwa nguvu zaidi. Kimya. Mwisho akainamia simu na kusema, "Nyie watoto, mmekufa?"

Ndicho kilichoenda kwenye kundi. Meseji ndefu ya sauti, mistari miwili, kuku, na hilo swali. Mzazi mmoja wa Babati alijibu kwamba wao ni wazima na wanamshukuru Mungu.

Tukajaribu kupiga moja kwa moja, wote pamoja hewani. Kwa mtandao ilibidi tupande kile kilima nyuma ya kanisa. Ikashika. Lakini sauti zilikuwa zinachelewa. Yeye anasema mstari, anangoja, hazijafika, anakata tamaa, anasema kingine, ndiyo zinafika. Mbwa wangu alikuwa ametufuata akaanza kumnusa mzee magotini. Mzee akafoka, "Toka hapa, mwizi wa mayai wewe!" Na palepale watoto wote, wa Babati, wa Dirma, wa Tlawi, wakaitikia kwa heshima kubwa sana.

Mzee akanitazama. "Sasa wamembariki mbwa wako."

"Naona, mzee."

"Mayai yako yote yameisha hapo."

Alicheka, lakini kushuka kilimani aliniambia hatapanda tena. Alisema hawezi kutupa maneno ya baba yake kwenye shimo asilosikia kina chake. Nikamwelewa. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamweleza mke wangu, naye alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata uso.

"Madamu si ana lile itikio?"

Kumbe Jumamosi ile ya mwisho kanisani Madamu alirekodi watoto wakiitikia, mara moja tu, kwa kumbukumbu. Akamtumia mke wangu. Mke wangu akaweka simu yake ndani ya debe tupu la mafuta, akalisimamisha nyuma ya mlango wa jiko, akacheza. Jamani! Ilitoka sauti ya kanisa zima. Hata mimi ninayejua nilichungulia nyuma ya mlango.

Nikamfuata mzee. Nikamwambia, na hapa ndipo kosa langu lilipo, nikamwambia fundi ametengeneza mtandao, sasa sauti za watoto zinafika kwa wakati. Hakuna fundi. Kulikuwa na debe.

Akaja Jumamosi, akakaa kigodani na simu yangu mbele yake, inarekodi. Akatoa mstari. Mke wangu jikoni akagusa. Wakaitikia! Uso wa mzee ukafunguka. Akapanda ngazi yake kipande kwa kipande, macho yamefumbwa, na mimi nimesimama kando nikiitikia pia ili kuziba mianya. Tukaituma kwenye kundi yote, na watoto huko waliko wakawa wanaicheza na kuitikia juu ya itikio lao wenyewe bila kujua. Yule binti wa Dirma aliwapanga ndugu zake wadogo ndani ya zizi, na babu yao ambaye hajui neno hata moja la Kiiraqw naye akaitikia nyuma na sauti nzito. Alisema kwamba ukisikia mzee anabariki, unaitikia kwanza, maana yake utauliza baadaye. Meseji hiyo Madamu aliisikiliza akilia na kucheka. Wazazi ambao zamani hawakuleta watoto wao hata siku moja wakaomba kuingizwa kundini.

Tulienda hivyo Jumamosi kadhaa. Daftari la Madamu lilijaa. Ikabaki sehemu ya mwisho tu, ile ya kuwarudisha watu majumbani, ambayo bila hiyo baraka haijafungwa, imeachwa kama mlango wa zizi wazi.

Sasa, katika rekodi ile, mwishoni kabisa, kuna mtoto anakohoa. Mara mbili, kavu. Sisi hatukuijali. Lakini mtu anayesikiliza kwa masikio yake yote anaisikia kila mstari.

Na ilikuwa wakati gani ule? Mtu ukikohoa sokoni unabaki na soko peke yako.

"Kuna mtoto anakohoa," mzee aliniambia wiki ya kwanza. Nikasema ni vumbi. Wiki ya pili akasema, "Bado anakohoa. Apewe maji ya moto." Nikasema atapewa. Wiki iliyofuata alisimama katikati ya maneno ya baba yake, jambo ambalo sijawahi kuona mzee wa slufay akifanya, akaacha njia, akaanza kumwombea yule mtoto mistari ambayo haikuwemo. Kifua chake kifunguke. Jikoni wakaitikia, na mwishoni, koh koh. Mama yake asilie. Wakaitikia, koh koh. Mke wangu alinitazama kupitia ufa wa mlango na macho makubwa, na mimi nikageukia ukuta.

Mzee akamaliza jasho linamtoka. "Ni mtoto wa nani?"

Nilipaswa kusema ukweli hapo. Nikasema, "Yuko mbali, mzee. Dirma." Nilidhani umbali utalimaliza.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya sehemu ya mwisho. Madamu alikuwa ameshawaambia wazazi wote. Mzee alikuja asubuhi mapema, hana koti zuri. Amevaa viatu vya safari vya matairi, fimbo mkononi, na kibuyu cha asali kutoka kwenye mizinga yake.

"Sehemu ya mwisho nitaitoa nikirudi," akasema. "Siwezi kuwafunga watu barakani na mmoja anakohoa hivyo. Nakwenda Dirma. Nielekeze nyumba."

"Kwa miguu, mzee?"

"Wewe ulipanda hapa na baiskeli mgongoni, mimi nitashindwa kushuka na asali?"

Nilimtazama magoti. Nikaona barabara yote, jua la kule chini, na yeye akiuliza boma kwa boma habari za mtoto ambaye hayupo. Nikamwita mke wangu. Nikasema, "Mama, lete debe."

Akalileta. Akaliweka katikati yetu, hakusema mzaha hata mmoja, na huyo ni mtu ambaye hata msibani hujizuia kwa shida. Akagusa simu ndani yake.

Watoto wakaitikia. Koh koh.

Mzee akainama, akachungulia ndani ya debe. "Tena."

Wakaitikia. Koh koh.

"Tena."

Alisikiliza mara ya tatu kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha akauliza, "Huyu alikohoa lini?"

"Ile Jumamosi ya mwisho kanisani, mzee," mke wangu akajibu. "Alipaliwa na makande. Alipona saa ileile."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Yuko Babati, amenenepa."

"Afadhali."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilieleza mambo mengi, mnanijua. Nikasema tulifanya kwa ajili ya watoto, wanaitikia kweli huko waliko, nikamwambia habari za zizi la Dirma na babu asiyejua Kiiraqw, nikasema hata leo tunaweza kupanda kilimani tukangoja sauti zinavyochelewa, hata tukingoja mpaka mchana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakunikasirikia, ningependa anikasirikie.

"Hao wa zizini," akasema, "mimi sikuwasikia."

"Hapana, mzee."

"Niliyekuwa namsikia ni huyu." Akagonga debe kwa fimbo, taratibu, mara moja. Kisha akatua kile kibuyu cha asali chini, kando ya debe, kama unavyomwekea mtu chakula chake.

"Kaa unywe chai kwanza," mke wangu akasema.

"Nimeshiba, mama. Asante."

Akageuka. Akapita kati ya mahindi yangu, akavuka kijito akiinua suruali kidogo kwa mkono mmoja, akapanda upande wa kwake bila kuharakisha. Shule zilipofunguliwa na watoto wakarudi, Madamu alimfuata mara tatu, na mara zote akarudi na daftari lisilo na sehemu ya mwisho. Mnadani tunasalimiana, anaitikia shikamoo yangu vizuri, tunaongea bei ya mbuzi. Kwenye uwanja wangu hajakanyaga tena.