Malkia Alipokamatwa Ruiru

Gerishon Nzomo, fundi wa makasha katika kiwanda kimoja cha mananasi pale Thika, alikuwa akicheza chesi peke yake. Mchezo huo alijifunza Burma wakati wa vita, akiwa amelazwa hospitalini na mguu uliovunjika. Askari wa kitanda cha pili ndiye aliyemfundisha. Aliporudi nyumbani hakupata wa kucheza naye. Basi akachonga wafalme, malkia, ngome na farasi wake kwa mabaki ya mbao za muhugu, na kila Jumamosi baada ya kazi alikaa nje ya chumba chake, akasogeza weupe, kisha akazunguka meza akasogeza weusi. Alicheza kwa heshima kama mtu aliye kanisani. Hata alipojishinda hakucheka.

Benta alikuwa mjane kutoka Siaya, muuza uji kwenye geti la kiwanda, na kicheko chake kilisikika mpaka relini.

"Fundi," alimwuliza siku moja akipita na sufuria tupu, "leo nani ameshinda? Wewe ama wewe?"

Gerishon alisimama. Akamvutia kiti.

Benta aliushika mchezo haraka, ila hakuweza kunyamaza. Gerishon akafikiri kwamba akisikia habari za mabingwa atatulia. Siku hizo aliokota habari kwenye magazeti ya Kiingereza yaliyofungiwa sukari dukani, akamsomea: huko Urusi watu wawili walikuwa wakipigania ubingwa wa dunia wiki baada ya wiki, na mchezo ukichelewa kuisha, unasimamishwa, wachezaji wanakwenda kulala, kesho yake wanaendelea.

"Na watu wanaotazama?"

"Wanatazama kimya."

"Wuoyi! Hata kwenye matanga watu huimba!"

Tangu hapo Benta akaanza kuutengeneza mchezo. Watazamaji wapige kelele watakavyo. Anayefikiria sana apigiwe makofi mpaka asogeze. Halafu likaja wazo lililomnyima Gerishon usingizi: kila upande uwe na watu wawili, huyu asogeze, kisha mwenzake, kwa zamu, na wasisemezane hata neno.

"Chesi ina sheria, Benta."

"Nani aliziweka?"

"Watu."

"Na mimi ni nini, Fundi? Mbuzi?"

Wakajaribu na majirani. Jumamosi ya kwanza watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Ya pili, hakukuwa na mahali pa kusimama.

Gachanja, dereva wa lori la kahawa kutoka Ruiru, aliusimamisha mchezo huo kwa honi, akashuka, akaupenda. Akarudi kwao kumtafuta Simeon, kinyozi wa karibu na stesheni ambaye naye aliijua chesi tangu jeshini. Punde wakaleta ujumbe: Ruiru inaita Thika, Jumapili baada ya kanisa, kwenye ukumbi wa kule. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Malkia wa Waingereza ilikuwa bado haijaondolewa, kwa hiyo kukusanyika kulitaka ruhusa. Ruhusa ilitoka, pamoja na askari wa kusimama mlangoni asikilize kama kuna siasa.

Ukumbi ulijaa. Gerishon alivaa tai. Benta alivaa gauni la njano, akawapungia watu mkono kama bibi harusi.

Mchezo ulianza vizuri, halafu Ruiru wakabana. Gachanja alisogeza kwa kishindo kana kwamba anabadilisha gia, na Simeon, mtu mpole, akawa anarekebisha makosa yake kwa zamu iliyofuata. Gerishon alitoka jasho. Mfalme wa Ruiru alijificha nyuma ya askari wake watatu wadogo, na kwenye mstari wake wa mwisho ngome moja tu ilikuwa inamlinda. Kama ngome ile ingeondoka! Lakini zamu ilikuwa ya Benta, si yake, na kusema hakuruhusiwa. Akaukazia macho mstari ule mpaka yakamwuma.

Benta akamtazama usoni. Akatazama ubao. Kisha akamchukua malkia wao, akamweka wazi mbele ya ngome ya Ruiru.

Gerishon alishika kichwa.

"Ngai!" Gachanja akaruka. Simeon alikuwa ameona mtego, macho yamemtoka, lakini sheria ya Benta ilimfunga mdomo. Akabaki kujiziba uso kwa kofia. Gachanja akashusha ngome yake kwa nguvu. "Malkia amekamatwa!"

"Malkia amekamatwa!" ukumbi mzima ukaitikia.

Askari wa mlangoni akaingia mbio, rungu juu. "Nani amemkamata Malkia? Nani?"

Gachanja, mikono hewani, akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi, afande. Lakini ni wa mbao."

Ukumbi ulilipuka. Watu walikumbatiana, mama mmoja akateleza kwenye kiti akaketi sakafuni akicheka. Askari akausogelea ubao, akamwinua malkia, akamgeuza huku na huku, akatabasamu bila kupenda.

"Na sasa ni zamu ya nani?" akauliza.

Ilikuwa ya Gerishon. Akaisukuma ngome yake mpaka mstari wa mwisho. Mfalme wa Ruiru hakuwa na pa kwenda. Askari wake mwenyewe walikuwa wamemzibia njia.

"Amekwisha," Gerishon akasema, na hapo likamtoka cheko ambalo Thika haikuwahi kulisikia, la kifua kizima, tai ikamhama mpaka begani. Simeon alikuja kumkumbatia. Gachanja akataka mchezo wa pili papo hapo, na askari akaweka rungu kando, akaomba kuwa mwenzake.

Jioni Gachanja aliwarudisha kwa lori, Benta katikati.

"Uliuonaje ule mtego?" Gerishon akamwuliza.

"Mtego gani? Niliona unaiangalia ile ngome kama mtu anayetaka kumfukuza mgeni. Nikasema, wacha nimwondolee."

Wakapita Juja, Gerishon akiinyoosha tai yake. Kisha akasema, "Benta, ningependa tucheze upande mmoja siku zote."

Gachanja alipiga honi kutoka hapo hadi Witeithie. Benta alicheka kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akakubali. Na mwaka uliofuata, wakati wa harusi, Ruiru ilileta malori mawili ya watu na ubao wa chesi.