Tego la Isihaka

Kitu cha kwanza ulichokiona kwa Isihaka ni shingo yake. Haikutulia. Akiwa ameinama, akinywa maji, hata akiitikia salamu, ilijipinda kuelekea kwenye moshi wa jiko la mkewe.

Enzi hizo za Wajerumani, reli ilikuwa imeshafika Korogwe na sasa ilisukumwa kwenda Mombo. Isihaka, Mzigua aliyetoka Handeni kutafuta kazi, alibeba mataruma, vile vyuma vizito vinavyolazwa chini ya reli. Mkewe, Chausiku, aliwauzia wafanyakazi uji wa mtama kando ya tuta. Uji ulikuwa mzuri, na hapo ndipo taabu ilipoanzia, maana waliousifu wote walikuwa wanaume.

Aliyemkera zaidi ni Muhidini, muuza chumvi.

"Shemeji, uji huu umeutia nini?"

"Mtama."

"Na kicheko hicho je?"

"Hicho hakiuzwi."

Watu wakaangua kicheko. Isihaka, chuma begani, aliona kila jino la mkewe. Haja ndogo ilipomshika hakwenda kichakani, maana huko asingemwona Chausiku. Aliibana hadi sufuria ya uji iishe, huku akiendelea kubeba.

Wivu ulipomzidi, alirudi Handeni kwa mganga akachukua tego. Lilikuwa uzi mweusi wa kufungwa chini ya kitanda, ili mwanamume atakayemgusa Chausiku avimbe sehemu za siri.

"Lakini wewe lamba majivu haya kwanza," mganga alimwonya, "ndipo ufunge, lisije likakunasa wewe mwenyewe."

Isihaka alifika nyumbani mkewe akiwa kisimani. Kwa haraka alifunga uzi. Majivu aliyakumbuka baadaye.

Tangu hapo, kila asubuhi aliitazama miguu ya Muhidini. Muhidini alitembea vizuri, tena akiimba. Aliyevimba ni Isihaka mwenyewe. Mkojo ulianza kumchoma, kisha kokwa moja ikamuuma kwa nyuma, ikawa nzito na ya moto, na homa ikampanda. Akawa anatembea ametanua miguu.

"Jamani, Isihaka kategwa!" vijana wa reli walipiga kelele. "Mke wa nani huyo?"

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yake. Chausiku alimsubiri mlangoni.

"Umelala na mke wa nani?"

"Sijalala na mtu."

"Basi umevimba kwa kusali?"

Isihaka alipiga hesabu. Akikubali, atakuwa mzinzi. Akisema kweli, itajulikana kwamba amemtega mkewe mwenyewe.

Chausiku akampeleka kwa wamisionari, kwenye zahanati ya upande wa Vugiri. Hakumpeleka kwa huruma. Alitaka kusikia kwa masikio yake. Mhudumu wa hapo, Simeo, alimpima Isihaka taratibu, kisha akamuuliza kama ametokwa na usaha na kama ana mwanamke mwingine. Yote mawili Isihaka alikataa.

"Mkojo huwa unaubana?"

"Huwa nabana."

"Kwa nini?"

"Nikienda kichakani simwoni huyu."

Simeo alimtazama Chausiku, akajizuia kucheka.

"Nyuma ya kila kokwa kuna mrija mwembamba uliojikunjakunja," alisema. "Mbegu za uzazi hukaa humo. Kwa wengine mrija huo huvimba kwa magonjwa ya zinaa. Lakini ukiinua mzigo mzito kibofu kimejaa, mkojo unaweza kurudi nyuma ukauchoma. Nadhani ndiyo yako hiyo."

"Kumbe si yale majivu!" Isihaka aliropoka.

"Majivu gani?" Chausiku akauliza.

Basi ikabidi aseme yote, mpaka uzi ulipofungwa. Chausiku alimsikiliza bila kumkatiza, na hilo lilimtisha kuliko uvimbe. Simeo akaendelea na maagizo yake: alale, korodani aziinue kwa nguo iliyokunjwa, aweke kitambaa cha maji baridi, anywe maji mengi, asibebe kitu, na mkojo asiubane tena.

"Na uzazi?" Isihaka aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukitulia, yaelekea utapona. Ukikaidi, mrija unaweza kuziba."

Walipotoka hapo, Chausiku alifunga safari ya kwenda kwa mama yake huko Hale.

"Nitarudi na gari moshi la Alhamisi," alisema. "Uzi niukute umechomwa. Na nikikuona umesimama stesheni umejibana kwa kunisubiri, sishuki."

Isihaka aliuchoma uzi jioni ile ile. Alilala kama alivyoagizwa, na uvimbe ukaanza kushuka. Alhamisi akajikongoja hadi stesheni, ile nguo aliyoagizwa na Simeo ikiwa imezishikilia korodani vizuri. Huko akaambiwa kwamba Muhidini alikwenda Tanga kununua chumvi, na anarudi leo hii kwa gari hilo hilo linalopitia Hale.

Shingo ikajipinda kuelekea Hale. Moyoni aliona benchi moja, watu wawili, na mmoja wao akiulizia kicheko. Maji aliyokunywa tangu asubuhi nayo yakaanza kumsukuma. Mara filimbi ikalia nyuma ya kona.

Isihaka akatazama reli, akatazama kichaka. Akaingia kichakani, akaipa reli mgongo, na huku ardhi ikianza kutetemeka chini ya miguu yake, akakojoa mpaka mwisho.