Daftari la Fundi Mbele ya Madaktari Wawili

Kwa miaka kumi na tisa alishona magauni katika chumba cha mbele cha nyumba ya dada yake, na kwa sababu hakuvumilia kosa hata la nusu inchi, wateja walimwita Fundi Inchi. Chumbani humo alifanya kazi pamoja na Mzee Vifungo, mtu mzima aliyetia vifungo na kupiga pindo karibu na dirisha, ambaye ulimi wake ulichoma kuliko sindano zake.

Fundi alikuwa na kifafa tangu usichana. Dawa za zahanati zilimtosha kwa muda mrefu, kisha mwaka ule zikaanza kushindwa. Alianguka mara mbili katika mwezi mmoja, na mara ya pili alikuwa ameshika pasi ya moto. Mkono ulipopona, alikuta dada yake ameifunga cherehani kwa kufuli.

"Utashona siku daktari bingwa atakaponiambia mimi, kwa kinywa chake, kwamba unaweza," alisema dada.

"Kwa hiyo cherehani imefungwa jela, nami nikaitafutie wakili?"

"Katafute."

Tabibu wa zahanati aliwaandikia barua ya rufaa na kuwatajia madaktari bingwa wawili wa mishipa ya fahamu waliohudumia wenye kifafa. Aliagiza pia kwamba kila tukio liandikwe: tarehe, saa, na muda liliochukua. Fundi hakuwa na daftari jingine ila lile la vipimo vya wateja. Akaandika humo humo. Kurasa za kushoto vipimo, za kulia matukio yake. Mpangilio huo ulikuwa wazi kabisa kwake yeye, na kwake yeye tu.

Daktari wa kwanza alichaguliwa na dada, kwa hoja kwamba watu wenye magari makubwa humwendea. Mzee Vifungo, aliyekuwa shahidi wa maanguko yote mawili, aliambiwa abaki nje. Daktari alifunua daftari haraka haraka, akakunja uso.

"Tarehe saba, arobaini na sita. Dakika arobaini na sita! Hali hii ni nzito."

Fundi alifungua kinywa, lakini kalamu ilikwisha kwenda mbio. Aliandikiwa dawa mbili mpya na kuambiwa asahau kushona maisha yake yote. Kabla hajajibu, mgonjwa aliyefuata alikuwa mlangoni.

Kwenye ukumbi Mzee Vifungo aliwakuta, mmoja amenuna na mwingine anacheka hadi machozi.

"Kulikoni?"

"Arobaini na sita," alisema Fundi akijishika mbavu, "ni makalio ya mama wa bibi harusi."

"Lakini ni bingwa!" dada alimtetea.

"Bingwa wa kurasa za kushoto," alijibu Mzee.

Walirudi kwa tabibu na kumweleza yote. Akawaelekeza waendelee na dawa za zamani bila kukatisha hata siku moja, mpaka waonane na bingwa wa pili. Walisubiri wiki tatu, na Fundi, asiye na cherehani ya kukanyaga, alikunja na kukunjua vitambaa mpaka Mzee akamsihi avihurumie.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Chumba chake kilikuwa kidogo, na feni yake ililalamika kila ilipozunguka. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari, kisha kidole kikasimama.

"Samahani, mama. Hii arobaini na sita ni nini?"

"Makalio, daktari."

"Ya nani?"

Alipoelezwa, alivua miwani akacheka mpaka muuguzi akachungulia. Alipotulia akauliza, "Na nani alikuona ukianguka? Wewe huwezi kunisimulia. Mwili ulikuwepo, mwenyewe hukuwepo."

Mzee Vifungo akaitwa ndani, kofia mkononi.

"Mimi ni mtia vifungo tu, daktari."

"Leo wewe ndiye macho yangu, baba. Niambie ulichokiona."

Mzee alieleza kwa makini, bila utani hata mmoja. Kwanza Fundi hunyamaza ghafla. Kisha midomo humchezacheza kama anayeonja chumvi, na mkono wa kulia hunyofoa nyuzi zisizokuwepo. Baada ya hapo ndipo huanguka na kutetemeka.

"Kutetemeka kwa muda gani?"

"Muda wa kushona kifungo kimoja."

"Kifungo kimoja ni dakika ngapi?"

Mzee hakujua. Lakini aliona koti jeupe la daktari limepungukiwa kifungo, naye hakutembea kamwe bila sindano. Daktari akalivua koti, akakazia macho saa ya ukutani, na Mzee akashona. Dakika moja na nusu. Daktari akaiandika, akalivaa koti lake, akashukuru kwa yote mawili.

Aliagiza kipimo cha umeme wa ubongo na kupanga kubadilisha dawa polepole. Kisha akauliza, "Cherehani yako ni ya umeme au ya kukanyaga?"

"Ya kukanyaga."

"Na mguu ukisimama?"

"Sindano nayo inasimama."

"Vizuri. Hiyo tutaizungumza dawa ikishakaa sawa."

Barabarani dada alitaka watafute na wa tatu, kwa usalama. "Nimechagua huyu," alisema Fundi. "Asichokijua anakiuliza."

Miezi saba ikapita bila kuanguka. Katika hudhurio la tano daktari alimgeukia dada. "Mwache ashone. Asiwe peke yake chumbani, na pasi ashike mwingine."

"Rudia, daktari, nisikie vizuri," alisema dada, na tayari ufunguo ulikuwa mkononi.

Jioni ile ile mtaa ulisikia cherehani. Mzee Vifungo aliuinua mshono wa kwanza kwenye mwanga.

"Umepinda."

"Najua," alijibu Fundi kwa furaha, akaufumua.

Dada akaingia na mita tatu za kitambaa cha zambarau, akaziweka mezani mbele ya kila kitu.

"Gauni langu liwe la kwanza."

"Weka kule chini ya rundo, dada. Kuna wateja wananisubiri tangu mwaka jana."

Naye akakanyaga.