Muwafu Namba Arobaini na Moja

Siku ya kwanza mama yule aliponiona nikizungusha utepe wa kupimia kwenye shina la mti wake, alisimama kando, mikono kiunoni, akaniuliza kama ninaushonea suruali.

Alikuwa na haki ya kucheka. Utepe wenyewe ulikuwa wa fundi cherehani, vipande viwili nilivyonunua soko la Nakawa na kuviunga kwa uzi, kwa sababu utepe wa kazi ulikuwa umekatika na ofisi yetu haikuwa na mwingine. Ofisi nayo ilikuwa chumba kimoja cha chini katika fleti za Bugolobi, watu watatu na meza mbili. Kazi yetu ilikuwa kuwatembelea watu wenye misitu yao wenyewe, ekari mbili, ekari kumi, vipande vilivyosalia kati ya nyumba pembezoni mwa jiji la Kampala, na kuwasaidia waitunze bila kufa njaa. Kata musizi wa mbao uliokomaa, tuliwaambia, mdogo uache ukue. Kuni chukua kwenye matawi yaliyoanguka. Ile miti mikubwa yenye mbegu nzuri iache isimame, ndiyo itakayozaa msitu wa wajukuu wako. Kisha tulihesabu miti, tukaandika mpango, na mwenye msitu akaweka sahihi au dole gumba.

Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimefanya nyingi, maana sijawahi kukaa mahali. Baba yangu alikuwa askari. Nilizaliwa kambini, nikahamishwa kambi hadi kambi juu ya magodoro kwenye lori, na katika mizigo yetu yote Kiswahili ndicho pekee ambacho hakikuvunjika njiani. Nilipomaliza sekondari niliendelea kuhama hata bila amri ya mtu. Sasa nina miaka arobaini na kitu, na bado nikilala mahali pamoja miaka miwili miguu huanza kuniwasha. Msituni tu ndiko nilikotulia. Huko hakuna anayekuuliza kwenu ni wapi.

Msitu wa mama yule ulikuwa mteremkoni, ukitazama ziwa upande wa Port Bell. Ukisimama juu ulisikia mabehewa yakiingizwa kwenye feri, chuma kwa chuma. Marehemu mumewe alikuwa polisi kutoka kaskazini. Alikinunua kipande kile ujanani, wakati hakuna aliyekitaka. Yeye mama pia alikuwa wa kaskazini, na tangu alipokisikia Kiswahili changu cha kambini hakuniita kwa jina tena.

"Afande," alisema, "wewe kambi gani?"

Nikamtajia.

"Eh! Ile ya mabati mekundu? Kule hata kunguni walikuwa na vyeo." Akacheka mpaka akashika mti.

Tulihesabu siku tatu. Kila mti niliufunga kibati chenye namba kwa uzi wa katani, maana misumari aliikataa. ("Wewe ukipewa namba unapigiliwa?") Alitembea mbele yangu akiyapiga mashina kwa kiganja, kama mtu anayesalimia ng'ombe zake. Namba hakuzijua wala hakuzihitaji. Huu ndio wa mbuzi aliyepigwa radi. Huu mume wangu alitaka kuukata, nikanuna wiki nzima. Huu una nyuki wabaya, afande, pita mbali. Yote hayo niliyaandika kwa penseli pembeni mwa daftari, kwa raha yangu tu.

"Ukimaliza kuandika," aliniuliza, "nani atasoma?"

"Sisi, mama. Na watoto wako."

"Mtoto wangu ni mmoja, anauza viatu Nakawa. Yule anasoma simu."

Siku ya tatu tuliufikia muwafu. Ulikuwa mkubwa kuliko miti yote ya pale, umenyooka, na kwenye makovu ya gome utomvu wake ulikuwa umeganda mweupe, ukinukia. Ndio ule ambao watu huuchoma kanisani kama ubani. Nilipozungusha utepe sikuweza kuufikia upande wa pili bila kuangusha ncha, nikamwomba mama anishikie. Akashika. Nikazunguka, nikasoma, nikaandika namba arobaini na moja. Yeye bado alikuwa ameishika ile ncha kifuani pa mti.

"Hapa kuna mtoto wangu wa kwanza," akasema. "Siku tisa tu. Barabara ya kwetu ilikuwa imefungwa, vita, hatukuweza kumpeleka nyumbani. Baba yake alichimba mwenyewe, kati ya mizizi hii miwili, huu na huu. Jiwe hatukuweka."

Nikauliza kama yule binti yake wa Nakawa anajua.

"Aambiwe nini? Yeye alikuja baadaye. Sikutaka akue akijihesabu wa pili."

"Na mimi mbona unaniambia?"

"Wewe ni mtu wa kuondoka. Utaondoka nayo." Akaiachia ncha. "Lakini huu hapana kata. Andika, afande. Huu hapana kata."

Nikaandika. Kwa penseli, pembeni, chini ya nyuki na mbuzi.

Bugolobi, nilipokuwa nikinakili mpango kwa usafi, nilifika kwenye namba arobaini na moja nikakwama. Fomu yetu ilikuwa na safu ya sababu ya kuuacha mti usikatwe. Sababu zenyewe zilikuwa zimekwisha kuandikwa, kazi yako ni kuchagua: mti wa mbegu, chanzo cha maji, mteremko mkali, viota vya ndege. Kaburi halikuwamo. Ningeweza kuliandika kwa mkono pembeni, nafasi ilikuwepo. Niliwaza kwamba namtunzia siri yake. Niliwaza pia, sitaficha, kwamba fomu iliyoandikwa pembeni huonekana chafu. Muwafu una mbegu. Nikaandika: mti wa mbegu, usikatwe. Kisha nikaipanga orodha kuanzia mti mnene hadi mwembamba, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyozoea, na namba arobaini na moja ikakaa juu kabisa ya ukurasa.

Nilimsomea mama mpango barazani kwake. Tulipofika hapo alinikatiza. "Umeandika hapana kata?"

"Nimeandika, mama."

Hakuuliza zaidi. Alilibonyeza dole gumba kwenye wino, akalipangusa kwenye majani ya mgomba.

Miaka miwili ilikwenda vizuri. Alikata musizi saba, sita ya mpango na mmoja wa ubishi, akamuuzia seremala. Mahali palipobaki wazi tulipanda miche pamoja. Kisha miguu yangu ikaanza kuwasha. Nilimuaga nikiwa nimesimama, nisije nikakaribishwa chai, nikaenda magharibi kwenye mashamba ya misonobari, mistari iliyonyooka kama gwaride, ambako hakuna mti wenye hadithi. Huko ndiko nilikosikia, miezi kadhaa imeshapita, kwamba mama yule amefariki, amezikwa kaskazini karibu na mumewe.

Niliporudi Kampala nilikwenda Nakawa kumpa binti pole. Nilimkuta kibandani akifunga viatu vya mitumba jozi kwa jozi, kamba za kushoto na za kulia.

"Wewe ndiye afande wa miti," akasema kabla sijajitambulisha. "Mama alikuwa akikutaja. Kaa."

Nikakaa kwenye gunia. Alinisimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Msitu ulikuwa umeuzwa. Majirani walikuwa wameanza kuyasogeza mawe ya mpaka, na yeye alikuwa sokoni tangu asubuhi hadi jioni, nani angelinda? Mnunuzi aliuliza kama kuna karatasi yoyote ya miti. Akaukumbuka mpango wetu, akautoa chini ya godoro la mama yake, bado umo kwenye mfuko wa plastiki.

"Alifurahi kweli," akasema. "Eti hajawahi kuuziwa msitu uliohesabiwa vizuri namna ile. Kazi nzuri mlifanya, kaka."

"Walianza kukata upi?"

"Wa juu ya orodha. Ule wa harufu. Niliwaambia, karatasi inasema uachwe. Wakauliza kwa nini. Nikawasomea, mti wa mbegu. Wakacheka: dada, mbegu za nini? Hapa tunajenga nyumba za kupangisha."

Nikamwambia. Sikujua njia ya kuzunguka, nikasema moja kwa moja, siku tisa, barabara, mizizi miwili. Aliendelea kufunga kamba za viatu. Alifunga jozi tatu, na ya tatu ilikuwa ya viatu visivyofanana.

"Neno moja," akasema hatimaye. "Ungeandika kaburi. Mjini hapa hakuna anayejenga juu ya kaburi bila kuuliza wenyewe. Mimi mwenyewe nisingeuza."

"Nilidhani anataka isijulikane."

"Alikuambia unifiche?"

Nilifikiri. Nilitaka sana awe amesema hivyo.

"Hapana. Alisema andika."

Alifunika bidhaa kwa turubai, akamwomba jirani amwangalizie kibanda, tukaenda ulikokuwa msitu. Mlinzi wa pale alituruhusu kuingia alipoona binti analia. Mteremko ulikuwa mweupe kwa jua. Sikuwahi kuuona ukiwa na jua lote lile. Matofali yalikuwa yamepangwa tayari, na mlinzi alisema visiki vingeng'olewa wiki ile, kisha msingi uchimbwe. Kisiki cha muwafu kilikuwa bado kinatoa utomvu ukingoni. Kibati kilikuwa chini, uzi wake haujakatika.

Mizizi miwili ilikuwepo. Binti alipiga magoti kati yake, akagusa udongo, akainuka upesi kama aliyeona aibu.

"Nitamfuata mnunuzi leo," akasema. "Aniachie kipande hiki tu. Lakini wakishang'oa kisiki nitamwonyesha wapi?"

Nikatoa utepe mfukoni, ule ule wa fundi cherehani. Nikampa ncha, akaishika kwenye mizizi kama mama yake alivyoishika kwenye shina, mimi nikapima hadi jiwe la mpaka lililokuwa bado mahali pake, kipande baada ya kipande, kisha hadi jiwe la pili. Nikafungua daftari la zamani ukurasa ule ule. Chini ya nyuki na mbuzi, kando ya maneno ya mama, niliandika vipimo vyote viwili, na mbele yake nikaandika kaburi.

Binti alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma yote niliyoandika siku ile: mzingo, urefu, upande shina linakoelemea, makovu matatu ya gome. Akasoma mara ya pili, kama anayetafuta kitu.

"Alikuwa kaka," akauliza, "au dada?"

Sikuwa nimeuliza.